Mto Usiupangie Orodha

Mvua ikinyesha karibu na Oraba, wilayani Koboko, maji yake yana njia mbili. Kule Salia Musala, Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinapokutana, kuna mgongo wa ardhi unaogawa maji: yanayoangukia magharibi yake hufuata Mto Kongo hadi Atlantiki, yanayoangukia mashariki huteremka hadi Nile. Kwa hiyo mtu wa Koboko ni mtu wa Nile hata kama hajawahi kulowesha mguu humo, na wengi hawajawahi. Barabara ya kutoka Vurra kupita Arua na Koboko hadi Oraba, kilometa 92, imeshawekwa lami. Basi la usiku hupita Arua na Nebbi, huvuka daraja la Pakwach abiria wakiwa wamesinzia, na kunapokucha linatafuta njia katika foleni za Kampala. Mto ambao watu hupanda ndege kutoka ng'ambo kuja kuutazama, sisi tunaupita kwa muda wa kufumba na kufumbua. Makala hii ni ya msomaji aliyeamua kwamba safari hii atashuka Pakwach na kupanda boti.

Karibu kila anayepanga safari ya namna hiyo huanza na swali moja: tutaona nini? Tembo wapo? Simba je? Swali ni la kawaida, lakini ndilo linaloharibu safari nyingi, kwa sababu jibu lake haliko mikononi mwa mtu yeyote. Yaliyo mikononi mwako ni mengine: saa ya kuondoka, majira ya mwaka, ukubwa wa boti, mwendo wake, na mtu atakayeiendesha. Hayo ndiyo yanayoamua mto utakuonyesha nini, na yote unaweza kuyachagua kabla ya kutoa shilingi moja. Anayekwenda na orodha ya wanyama hupita mbele ya mambo makubwa bila kuyaona kwa sababu hayamo katika orodha yake. Anayepanga vizuri saa na chombo hurudi ameona mengi kuliko aliyoyatarajia, hata siku ambayo simba hakutokea.

Tuanze na chombo. Katika safari za kuangalia viumbe duniani kote, boti ndogo zimepewa nafasi ya kwanza, na sababu haikuwa anasa. Huko Antaktika, makampuni ya meli yamekubaliana kwamba watu wasizidi 100 nchi kavu mahali pamoja kwa wakati mmoja, na meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu kabisa. Katika visiwa vya Galápagos vya Ekuado, meli ya watalii haibebi zaidi ya abiria 100. Waliofikia uamuzi huo walikuwa wamejifunza kwamba umati hufukuza kile umati wenyewe umekuja kukitazama. Nile yetu ina sababu ya ziada. Mto Nile wa Victoria unapokaribia Ziwa Albert hupanuka na kugawanyika katika mikondo myembamba kati ya kuta za mafunjo, na mingi kati ya hiyo ina kina kidogo. Boti ya ghorofa mbili inayobeba makumi ya watu haiwezi kuingia humo. Hubaki katikati ya mto, nahodha akielekeza kidole kwenye nukta ya kijivu kule mbali, huku abiria wakigombea upande mmoja wa chombo. Boti ya watu wanane au kumi huingia, huzima mashine, na kuachia maji yaibebe.

Kuzima mashine ndiko siri ya jambo zima, na hapa ramani ina msaada mkubwa kuliko kitabu cha wanyama. Kutoka Paraa, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Maporomoko ya Murchison, kuna safari mbili. Moja hupanda mto kuelekea mashariki, kilometa zipatazo 17, hadi chini ya maporomoko. Nyingine huteremka magharibi, karibu kilometa 28, hadi kwenye delta mto unapoingia ziwani. Anayepanda mto hawezi kuzima mashine, kwani mkondo utamrudisha alikotoka. Anayeteremka anaweza kuelea nusu saa nzima bila sauti. Tena kuna suala la jua. Safari ya delta huanza asubuhi na mapema, jua likiwa mgongoni kwako linaangaza kila kilicho mbele. Safari ya maporomoko, ukiifanya alasiri, jua linakuwa nyuma yako tena na kulipiga genge lote uso kwa uso. Ukibadilisha, yaani maporomoko asubuhi na delta jioni, utatumia saa nzima ukikunja macho, na picha zako zote zitakuwa vivuli vyeusi. Jambo hili halihitaji fedha hata kidogo, lakini wengi hawaambiwi.

Wengi huchagua maporomoko kwa sababu ndiyo yenye jina. Siwazuii. Mto mzima hubanwa katika ufa wa mwamba wenye upana wa meta saba hivi na kutumbukia zaidi ya meta 40, na kando yake yapo maporomoko ya pili, Uhuru, yaliyofunguka kwa mafuriko ya mwaka 1962, mwaka ule ule nchi ilipopata uhuru. Lakini ukienda huko usikodolee macho kileleni tu. Tazama maji yaliyo pembeni ya boti. Muda mrefu kabla hujasikia ngurumo utaona povu jeupe likielea kuja kwako, mapande kwa mapande, mengine makubwa kama sinia, yakizunguka polepole na kupasuka yakigusa mbao. Ni maji yaliyopita katika vinamasi vya Kyoga yakiwa na mabaki ya mimea, kisha yakapigwapigwa mwambani. Kwenye vichaka vinavyoning'inia juu ya maji kuna viota vya kwera, na chini yake kenge anayetembea kingoni kwa subira akitafuta mayai ya mamba. Mamba mwenyewe amelala kinywa wazi. Hatishi mtu; anapunguza joto la mwili. Ukijua hilo utaacha kupiga kelele na utaanza kuona jinsi anavyojigeuza kidogo kidogo kufuata kivuli.

Hata hivyo, kwa msomaji mwenye nafasi ya safari moja tu, ushauri wangu ni delta. Eneo hilo liliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, na sababu unaiona ukishaingia. Mkondo hufifia. Mafunjo yanasimama marefu kuliko mtu, na mbele yake kuna zulia la yungiyungi ambalo ndege mwekundu wa kahawia, mwenye vidole virefu ajabu, hutembea juu yake bila kuzama. Mdiria mweusi kwa mweupe husimama hewani mahali pamoja, mabawa yakipiga kasi, kichwa kikiwa kimetulia kabisa, kisha hujitupa majini. Upande wa kaskazini, ambao utakuwa kulia kwako ukiteremka, nyasi hufika hadi majini, na ndiko tembo, nyati, kuro, twiga na kobu, yule swala wa nembo ya Uganda, hushuka kunywa. Kaa upande huo wa boti wakati wa kwenda.

Na huko ndiko anakoishi korongo-nyangumi, ndege ambaye watu hutoka mabara mengine kumtafuta. Ni wa kijivu, urefu wake hufika kifuani mwa mtu mzima, na domo lake ni pana na zito, limepinda nchani kama ndoano. Husimama. Anaweza kusimama muda mrefu hivi kwamba mgeni huanza kuamini kuwa ni kisiki. Anamngojea kamongo, samaki ambaye lazima apande juu kuvuta hewa, na kamongo akipanda, ndege huyo huanguka kwa mwili wote, domo, kifua na mabawa kwa pamoja, kisha huinuka na rundo la majani na matope, akitikisa kichwa hadi abaki samaki peke yake. Anayejua habari ya kamongo anajua pia mahali pa kungojea: kwenye vidimbwi vya kina kifupi kandokando ya mafunjo, asubuhi, wakati wa kiangazi maji yanapopungua na samaki kubanwa pamoja. Hapo ndipo boti ndogo iliyozimwa inapolipa gharama zake zote. Na ndege huyu hayupo kwa wingi. Duniani kote wanakadiriwa kuwa kati ya 5,000 na 8,000. Akiinuka kwa sababu nahodha alisogea mno, amepoteza windo lake la asubuhi, na wewe umepoteza ulichokuja kukiona.

Historia ya mto huu inaonyesha vizuri orodha inakoweza kutufikisha. Mwezi Januari 1910 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani Marekani mwaka mmoja tu nyuma, aliteremka kwa boti kutoka Butiaba katika Ziwa Albert hadi ukingo wa magharibi wa Nile, mahali ambapo hadi leo panaitwa Rhino Camp. Nchi hiyo ilikuwa bado Lado, chini ya Wabelgiji. Sehemu yake inayoitwa West Nile iliingizwa Uganda mwaka 1914. Roosevelt alikuja na orodha ya wanyama wa makumbusho ya Smithsonian, na juu yake alikuwamo kifaru mweupe wa kaskazini. Yeye na mwanawe Kermit waliua tisa. Hawakuwamaliza wao; waliofuata baadaye, wakiwa na bunduki za vita na bei ya pembe sokoni, ndio waliomaliza kazi, na kufikia mapema miaka ya 1980 hakukuwa na kifaru mweupe hata mmoja aliyebaki porini Uganda. Dume la mwisho la aina hiyo duniani, Sudan, alikufa Machi 2018 huko Ol Pejeta, Kenya, na sasa wamebaki majike wawili, Najin na Fatu. Ajai, hifadhi ndogo kando ya Nile katika Madi Okollo iliyobeba jina la chifu aliyewalinda vifaru hao, bado ina vinamasi vyake. Mgeni wa leo hana bunduki, lakini tabia ya kuhesabu na kutia alama ni ile ile, na nahodha anayeshinikizwa na abiria wenye orodha huishia kumkimbiza mnyama.

Ushahidi wa madhara hayo uko pwani yetu. Watafiti walioangalia pomboo wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, waligundua kwamba boti za watalii zinapowafuata, pomboo hupumzika kidogo na hutumia muda mwingi zaidi wakihama. Kizimkazi haikuwa na boti kubwa. Zilikuwa ndogo, lakini nyingi, na zilikimbia. Udogo wa chombo peke yake hautoshi. Ndiyo maana nasisitiza mwendo na mwendeshaji.

Basi kabla ya kulipa, zungumza na mwenye boti, na umuulize maswali ambayo jibu lake litakuonyesha ni mtu wa namna gani. Muulize mashine ataizima wapi. Anayeujua mto atakutajia mahali. Asiyeujua atakuambia usijali. Muulize kiboko akiwa kati ya boti na maji ya kina atafanya nini. Jibu sahihi ni kurudi nyuma na kumwachia njia, kwa sababu kiboko aliyefungiwa njia ya kuingia kwenye kina ndiye anayeua. Muulize jaketi za kuokolea ziko ngapi, uzihesabu mwenyewe, na uivae yako kabla boti haijaondoka. Na mwambie waziwazi, mbele ya wenzako, kwamba hamtamdai simba wala ndege yeyote. Sentensi hiyo moja humwondolea mzigo, na mwendeshaji asiye na mzigo hukuonyesha vitu ambavyo hangethubutu kupoteza muda navyo: tundu za keremkerem kwenye ukuta wa udongo, furukombe akimnyang'anya mwenzake samaki, njia ambazo kiboko amezichonga kutoka majini hadi malishoni.

Najua watakaosema: boti ndogo ni hatari, heri ile kubwa. Hofu hiyo ina msingi. Machi 2014 boti iliyokuwa ikiwarudisha wakimbizi wa Kongo ilizama katika Ziwa Albert, na zaidi ya watu 200 wakafa. Lakini tazama kilichowaua: chombo kilichojazwa kupita kiasi, kwenye maji mapana ya ziwa. Mto ulio ndani ya hifadhi, kwenye boti yenye watu wachache kuliko viti na jaketi kwa kila mmoja, ni habari nyingine. Kanuni ninayoweza kukupa ni kwamba usikubali kuvuka mdomo wa mto kwenda ziwani wazi baada ya saa sita mchana, upepo unapoanza kuinuka, na usipande mtumbwi wa wavuvi kwa sababu ni wa bei nafuu. Na usioge wala kuchezesha miguu majini. Mbali na mamba, fukwe za Ziwa Albert na Nile ya huku zina kichocho kingi. Mbung'o nao wapo. Vaa nguo za rangi hafifu, mikono mirefu, na epuka buluu na nyeusi zinazowavuta. Malale ya West Nile yalikuwa tishio kwa vizazi, na ni mwaka 2022 tu Shirika la Afya Duniani lilipothibitisha kwamba aina hiyo si tatizo tena la afya ya jamii nchini Uganda.

Wapo wenye pingamizi zito zaidi. Mkulima wa Pakwach au Nwoya ambaye tembo wamelala katika mihogo yake atauliza kwa nini alipe kwenda kuwatazama. Sina jibu la kumfuta machozi, na sitajifanya ninalo. Naweza kusema kwamba sheria inataka asilimia 20 ya ada za kuingia langoni irudi kwa jamii zinazopakana na hifadhi, na kwamba Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 iliweka msingi wa fidia kwa walioharibiwa mali au kupoteza watu. Fedha hizo hufika kwa kuchelewa au kwa kasoro pale ambapo hakuna anayeziulizia. Mwananchi aliyewahi kuingia hifadhini, akalipa na kuchukua risiti, anaifahamu hesabu hiyo na anaweza kuidai kwa diwani wake. Aliyebaki nje huiachia mezani kwa wengine. Tena ada ya raia wa Afrika Mashariki iko chini mno kuliko ya mgeni wa kutoka mbali, nayo hulipwa kwa shilingi. Ukitoka Oraba na jamaa zako wa ng'ambo ya mpaka, kila mmoja achukue kitambulisho au pasipoti yake, maana langoni ndicho kinachoamua bei. Boti nayo mkigawana gharama watu wanane inawezekana. Familia mbili zinazochangia harusi zinaweza kuchangia hii.

Pingamizi la tatu husemwa kwa kicheko: maji ni maji, mafunjo tunayo hata nyumbani. Anayesema hivyo asome kidogo habari za safari za zamani. Kabla ya ndege, njia ya kutoka Mombasa hadi Khartoum ilipita hapa hapa: reli, kisha meli ya Ziwa Kyoga kutoka Namasagali hadi Masindi Port, barabara hadi Butiaba, kisha meli ya Ziwa Albert na Nile hadi Nimule, ambako maporomoko ya Fula yanakata njia na abiria kulazimika kwenda Juba kwa gari. Meli iliyoitwa Robert Coryndon ilianza kazi Ziwa Albert mwaka 1930 na ikazama Butiaba mwaka 1964, baada ya maji kupanda na kuimeza bandari. Watu waliupima mto huu kwa siku, wakalala juu yake, wakajua ulipokuwa mpana na ulipokuwa mwembamba. Kizazi chetu kinajua daraja tu.

Kuhusu majira, kiangazi cha Desemba hadi Februari ndicho bora kwa wanyama, kwa sababu vidimbwi vya bara hukauka na wote hushuka mtoni. Gharama yake ni ukungu wa vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa, hivyo anayetaka mandhari ya mbali, milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa na anga safi, aende mvua zinapokatika, mwishoni mwa Novemba au mapema Desemba. Agosti hadi Oktoba mvua ni nyingi, nyasi huwa ndefu na korongo-nyangumi hutawanyika. Kwa upande mwingine bei za malazi hushuka na mto unakuwa na nguvu ya kutisha pale kwenye ufa. Uliza pia kimo cha maji. Mwaka 2020 maziwa ya Victoria na Albert yalipopanda sana, kingo na makazi ya wavuvi yalifunikwa, na miaka ya namna hiyo mikondo ya delta hubadilika, hata visiwa vya mafunjo vinavyoelea huziba njia iliyokuwa wazi mwezi uliopita.

Kwa mtu wa Oraba mpango wenyewe si mgumu. Ondoka asubuhi, pitia Arua na Nebbi, fika Pakwach mapema alasiri. Usijaribu kuunganisha safari na boti siku hiyo hiyo. Lala Pakwach au karibu na lango la Tangi, ambalo liko hapo jirani kwenye ukingo wa kaskazini, na panga gari la kukufikisha Paraa giza linapoanza kupasuka. Beba darubini hata ya kuazima, moja kwa watu wawili, maji ya kunywa, kofia inayofungwa kidevuni, na chakula kisichohitaji mfuko wa plastiki. Simu iweke kimya, na picha ziache kwa dakika za mwanzo boti inapozimwa. Kwanza tazama kwa macho, kwa kuwa kiumbe cha mtoni hujitokeza baada ya utulivu, na aliyeinamia skrini hukosa mwendo wa kwanza wa nyasi. Ukirudi Paraa kabla ya adhuhuri na bado una nguvu na fedha, ile ya maporomoko huondoka saa nane, na jua litakuwa limeshahamia upande wako.